Mtoto wa Materneli Achore Joka au Achore Mamba?

MWALIMU: Watoto wa miaka minne wanasomewa hadithi ya joka, halafu wanapewa karatasi na kreyo wachore walichosikia. Ubishi wote ni juu ya hilo. Na anayesema kwamba joka ni kitu cha Wazungu alisikilize kwanza neno lenyewe. Mtu akipita kipimo huwa jitu, nyumba ikipita kipimo huwa jumba, nyoka akipita kipimo huwa joka. Hatukuletewa na mtu. Huku Uvira, pwani ya Ziwa Tanganyika, mtoto huanzia chini zaidi: anasema kanyoka, kisha nyoka, kisha joka. Mpe ukurasa mmoja awachore wote watatu: kanyoka pembeni, nyoka katikati, na joka ambalo mkia wake unatoka nje ya karatasi kwa sababu halikuenea. Hapo amejifunza udogo na ukubwa, na sarufi ya lugha yake ameipata bila kuambiwa kwamba ni sarufi.

MZAZI: Mwalimu, minervali ninayokulipa, hiyo ada ya shule, inatoka kwenye ndagala. Ndagala zikikosa, minervali inakosa. Nilimleta mtoto ajue herufi, hesabu na Kifaransa kidogo, ili akifika mwaka wa kwanza asichekwe. Sikumleta achore mnyama ambaye hakuna aliyemwona.

MWALIMU: Herufi zimo ndani ya joka, Mama. Mkono wa mtoto wa miaka mitatu hauwezi kuandika S, lakini unaweza kuvuta mkia wa joka, na mkia wa joka ni S. Meno yake ni M na W zilizofuatana. Magamba ni U nyingi. Miiba ya mgongoni ni V zilizopinduliwa. Materneli za mtindo wa Kifaransa zina kipindi kizima cha mistari hiyo, kinaitwa grafisme, na mara nyingi mtoto hupewa ukurasa wa vijiti na ukurasa wa vibakuli ajaze mpaka asinzie. Anayechora magamba hujaza vibakuli vilevile mia moja, akaomba karatasi nyingine.

MZAZI: Basi achore samaki. Kuhe ana magamba. Sangala ana meno. Mukeke ana mkia. Na wote hao akiwachora vizuri, nyanya yake atawatambua.

Jibu hilo la mzazi lisipitwe haraka. Sheria ya elimu ya Kongo ya Februari 2014 inaiweka materneli kuwa ngazi ya miaka mitatu kwa watoto wanaoanzia umri wa miaka 3, na inazipa lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, nafasi ya kufundishia. Lakini elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ilihusu shule za msingi za serikali. Mzazi wa Uvira anayempeleka mtoto materneli kwa kawaida hulipa mwenyewe, na anayelipa ana haki ya kuuliza kila karatasi imetumika kwa kazi gani.

MWALIMU: Samaki wanachorwa, sijawafukuza. Shida ya samaki ni kwamba kila mtu anamjua. Mtoto akimkosea anaambiwa, huyu si samaki, mapezi yako wapi? Watoto wa umri huu, popote duniani, huchora mtu mwenye kichwa na miguu inayotoka moja kwa moja kichwani, bila tumbo. Mtu wa namna hiyo wakubwa humcheka. Joka la namna hiyo ni joka tu. Darasani wapo watoto wasiogusa kreyo kwa kuogopa kukosea, na hao nimewaona wakiigusa kwa ajili ya joka, kwa sababu joka halina wa kulisahihisha.

MVUVI: Yupo wa kulisahihisha, Mwalimu. Ni mamba.

Ninyi mnaongea mambo ya karatasi. Watoto haohao huteremka ziwani na bidoni alfajiri kabla ya shule. Mamba yuko. Kiboko yuko, na huyo ndiye mbaya zaidi usiku akitoka kula majani. Mamba hana mabawa wala moto, na akiwinda hapigi kelele. Mtoto aliyefundishwa kwamba mnyama mkubwa hunguruma na kutoa moshi atasimama ndani ya maji akisubiri moshi.

Maneno ya mvuvi yana jina kwenye pwani hii. Kwenye mdomo wa mto ambao Wakongomani huuita Ruzizi na Warundi huuita Rusizi, mwendo mfupi kutoka Uvira, aliishi mamba aliyeitwa Gustave. Jina alipewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyekaa Burundi akichunguza wanyama watambaao, ambaye alimfuatilia kwa miaka. Hakuna aliyewahi kumpima. Wengi walikadiria kwamba anapita mita 6, na ilidaiwa kwamba ameua watu hadi 300, hesabu ambayo haikuthibitishwa. Filamu ya televisheni ya mwaka 2004 ilionyesha jaribio la kumnasa kwa mtego wa chuma wa urefu wa mita 9. Hakuingia. Mwaka 2007 Wamarekani walitoa sinema ya kutisha iliyotokana naye, Primeval. Mnyama mmoja wa kweli alikwisha kupanuliwa na watu wazima mpaka akatoka nje ya karatasi, sawasawa na lile joka la Mwalimu.

MWALIMU: Mzee wangu, nakubali kwamba mamba afundishwe. Lakini tusijifanye kwamba kabla ya hadithi yangu mtoto hakuwa na dude. Tayari analo. Usipolala mamba atakuja. Ukilia askari atakuchukua. Ukienda ziwani kuna kitu kitakuvuta. Dude hilo anapewa gizani, halina macho wala mkia, na hakuna anayemruhusu aliulizie. Mimi nampa lenye mkia, mchana, na kreyo mkononi.

MZAZI: Nani amsemee mtoto ninapokuwa sokoni? Natoka nyumbani kabla ya jua, narudi jua linazama. Maji ya bomba yakikatika, ziwa ndilo bomba. Siwezi kuwa pwani na sokoni kwa wakati mmoja. Yule mamba ninayemtia mtoto masikioni ndiye anayemshika mkono nisipokuwapo. Umeniita mwongo, lakini mtoto wangu yuko hai.

MWALIMU: Sikukuita mwongo, Mama. Nasema mamba wako hawezi kumshika mkono kwa kila hatari. Uvira ni mji wa kipindupindu kwa miongo sasa, kila mtu hapa anajua kitanda chenye tundu kikoje. Kipindupindu hakina meno. Mtoto aliyezoezwa kuogopa chenye meno peke yake atakunywa maji ya ziwa akiwa amekaa salama mbali na mamba.

MZAZI: Na joka lako litamzuia asinywe?

MWALIMU: Peke yake, hapana.

MCHUNGAJI: Nimesikiliza hadi hapa, na naona kila mtu anapita pembeni ya jambo. Kitabu cha Ufunuo, sura ya 12, kina joka lenye vichwa saba na pembe kumi, na Maandiko yanasema wazi kwamba hilo ndilo Shetani. Huku kwetu, neno joka likitajwa, wengi hukumbuka ukurasa huo kabla ya mwingine wowote. Mwalimu anaweza kusema ni sarufi. Nyanya wa mtoto atasikia jina la adui. Mtoto anarudi nyumbani na kuimba kwamba joka ni rafiki yake. Unataka nyumba hiyo ilale vipi?

MWALIMU: Pasta, Biblia hiyohiyo ya Kiswahili, ile ya Union Version, ina joka jingine, nalo haliitwi joka. Ni Ayubu sura ya 41. Kwa Kiebrania anaitwa Lewiathani. Ana moto kinywani na moshi puani, ngozi yake silaha haiipenyi. Watafsiri wetu walipotafuta neno la Kiswahili la kumpa, waliandika mamba. Na sura inaanza na swali la kumvua kwa ndoana.

MVUVI: Aliyeyasema hayo alikuwa amekaa karibu na maji.

MCHUNGAJI: Ayubu naijua, Mwalimu, na umenisaidia mimi kuliko ulivyojisaidia. Sura nzima ni Mungu akimuuliza Ayubu, nani awezaye kumfuga huyu? Jibu ni kwamba hakuna. Vitabu vya picha vya siku hizi vinajibu kinyume. Mtoto anampanda, anamlisha, analala juu ya tumbo lake. Joka la kutisha ningelivumilia, hata Maandiko yanatisha. Linalonikosesha usingizi ni lile lenye kope ndefu na tabasamu.

Ikumbukwe kwamba majoka ya dunia hayafanani. La Ulaya linachoma mashamba na kulalia dhahabu, na Mtakatifu Joji anapochorwa anachorwa akilichoma mkuki. La Wachina halina mabawa, linakaa majini na mawinguni, huleta mvua, na mwaka mmoja katika kila 12 ni wake. Wa mwisho ulianza tarehe 10 Februari 2024. Kule Indonesia mjusi wa Komodo, mwenye urefu unaofika mita 3, ameitwa joka kwa lugha nyingi ingawa ni mjusi. Mwalimu anayeingia darasani na joka moja tu, lile la katuni, anawaficha watoto hayo mengine.

MCHUNGAJI: Hilo la mvua mnalitaja kama pambo, nami naliona ni ibada ya watu. Lakini nina jambo zito zaidi, na hapa siongei kama mpinzani wa Mwalimu. Katika nchi hii watoto wametuhumiwa uchawi. Wamefungiwa, wamenyimwa chakula, wamefukuzwa nyumbani, na mengi ya hayo yametokea ndani ya vyumba vya maombi. Inaniuma kuyasema, lakini ni kweli. Sheria ya kulinda mtoto ya Januari 2009 inaadhibu tuhuma hiyo. Sheria iko Kinshasa; tuhuma iko avenyu ya pili. Sasa mtoto amekosa usingizi wiki nzima, mdogo wake anaumwa, na chini ya godoro inakutwa karatasi: mnyama mwenye pembe, jina la mtoto limeandikwa juu yake. Umeandika wewe Mwalimu, kwa mwandiko mzuri. Nani ataielezea karatasi hiyo usiku huo?

Kimya kinachofuata hoja hiyo kinastahili. Wengi wanaotetea michoro ya watoto huitetea kana kwamba karatasi haitoki darasani.

MWALIMU: Karatasi zibaki shuleni.

MZAZI: Hapana. Hapo nakataa, hata kama Pasta ana haki. Ninalipa, halafu kazi ya mtoto wangu ifichwe nisiione? Kama ni kitu cha kuficha, kisifanyike.

MWALIMU: Basi chini ya kila mchoro yaandikwe maneno ya mtoto mwenyewe, kama alivyoyasema. Hii ni hadithi tuliyosomewa siku fulani, huyu anaitwa hivi, anakula hivi, alishindwa na fulani. Mwenye kuikuta atasoma.

MCHUNGAJI: Mwenye hofu hasomi.

MZAZI: Na hicho kitabu mnachosoma kiko wapi? Nimeingia darasani kwenu. Niliona mkeka, ubao na ndoo ya kunawia.

MWALIMU: Vitabu ni vichache, kweli. Zipo hadithi za picha zinazotolewa bure kwa Kiswahili, kama zile za mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini, na mwenye simu anaweza kuzipakua. Ila kitabu ninachokitegemea ni kile tunachokishona wenyewe. Nasimulia, watoto wanachora, karatasi zinatobolewa na kufungwa kwa uzi, na kesho yake wanasoma michoro yao. Hadithi ninayoanza nayo ni ya nunda mla watu.

Hadithi hiyo Edward Steere aliiandika Zanzibar na kuichapa London mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine za Waswahili. Ni ya sultani ambaye paka wake alianza kwa kula ndama. Watu walipolalamika, sultani akasema paka ni wake na ndama ni wake. Paka akala mbuzi, akala ng'ombe, mwishowe akala watu na watoto wa sultani, na jina lake likageuka kuwa nunda. Mwana mdogo, yule aliyedharauliwa, ndiye aliyetoka kumtafuta. Kila mara anaua mnyama, anamburuta mpaka kwa mama yake akidhani amemuua nunda, na kila mara mama anamwambia huyu siye. Wanyama wanaongezeka ukubwa, mpaka tembo, na mama bado anasema siye.

MVUVI: Hiyo ndiyo hadithi. Mama anawajua wanyama. Hamwambii mwanawe hongera kwa kila alicholeta, anamwambia huyu siye, rudi. Kama unafundisha hivyo, Mwalimu, sina ugomvi. Mfundishe mtoto kwamba huyu ni kenge, huyu ni kiboko, huyu ni nyoka wa maji. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 halina haja ya mnyama wa kuazima.

Nyoka wa maji anayemtaja mvuvi ni swila halisi wa Ziwa Tanganyika, anayezamia kati ya mawe na kula samaki. Wataalamu wamempa jina la Émile Storms, ofisa Mbelgiji aliyekaa Mpala, pwani ya magharibi ya ziwa, katika miaka ya 1880. Swila anayeogelea na kuishi kwa samaki: mtoto wa Paris akionyeshwa picha yake atasema ni joka. Mtoto wa Kalundu, hapa Uvira, atauliza kama ameumwa mtu.

MZAZI: Na atakuwa ameuliza vizuri.

MWALIMU: Ameuliza vizuri kabisa. Na mimi nataka aulize swali la pili, lile la mtoto wa Paris. Mzee, ukimwambia mtoto kila mara huyu siye, huyu siye, siku moja ataacha kuleta.

MVUVI: Yule wa hadithi hakuacha.

MZAZI: Mnanisahaulisha jambo moja. Mnaongea kana kwamba mtoto akiambiwa joka halipo, basi limeisha. Wangu najua anajua halipo. Bado haendi msalani usiku.

Mzazi amegusa jambo ambalo wanasaikolojia walilipima. Mwaka 1991 Paul Harris na wenzake, Waingereza, walichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka 4 na 6. Watoto walisema bila kubabaika kwamba dude la kubuni si la kweli. Kisha waliombwa wajifanye kwamba ndani ya boksi tupu kuna kiumbe, mpole kwa wengine, mkali kwa wengine. Walikubali kwamba wanajifanya tu. Walipoachwa peke yao, baadhi yao walilisogelea boksi na kulichungulia, na wengine waliokuwa na dude kali hawakutaka kuachwa nalo. Mtoto anajua, na wakati huohuo hana hakika. Pande zote mbili za mjadala huu zinaweza kuuchukua utafiti huo na kutembea nao.

MWALIMU: Mimi nauchukua. Kama kukijua kitu hakumwondolei woga, basi anahitaji zaidi ya kuambiwa. Akikichora anakipa ukubwa anaoutaka yeye. Anaweza kukifungia ndani ya nyumba, akachora kufuli, akaweka ufunguo kwa mama yake.

MZAZI: Nami nauchukua. Kwa nini umwekee boksi kabisa? Februari 2025 Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi, askari na raia waliteremka bonde la Ruzizi hadi huku. Makumi ya maelfu walivuka kwenda Burundi, wengine wakiupita mto wenyewe, mto huohuo wa Gustave. Watoto waliobebwa mgongoni siku hizo leo wana miaka minne, mitano. Umempa kreyo achore kitu kinachotisha. Amechora gari, mtu na bunduki, na mtu amelala chini. Joka halimo. Utafanyaje, Mwalimu? Umesomea kufundisha materneli. Hukusomea kutibu roho.

MWALIMU: Sikusomea. Nitakaa naye. Nitamuuliza kama angependa kuniambia, na akikataa nitaacha. Sitamwambia geuza askari awe joka.

MZAZI: Na wengine ishirini darasani wakati umekaa naye?

Swali hilo Mwalimu hakulijibu, na haifai kumjibia.

MCHORAJI: Mimi napaka maandishi ya maduka na majina ya mitumbwi, sikualikwa kwa habari za watoto. Lakini mmenishangaza mnavyolichukulia joka kama mgeni. Mmemsahau mamba muntu? Nusu mwanamke, nusu samaki au nyoka, nywele ndefu, nyoka begani. Katika miaka ya 1960 na 1970 picha yake ilitundikwa sebuleni katika nyumba nyingi za Katanga, juu ya kochi, watoto wakila chini yake. Tshibumba Kanda Matulu, yule aliyechora historia ya Kongo kwa picha 101, naye alimchora. Hakuna aliyemuita mwalimu kulalamika.

MCHUNGAJI: Walilalamika. Wengi waliookoka walimshusha ukutani.

MCHORAJI: Walimshusha baada ya kuishi naye. Na nikuambie, Pasta, kwa nini alitundikwa. Alikuwa anaahidi mali na kudai siri. Kila aliyemtazama alijua hadithi ya mtu aliyetajirika ghafla na watu wakajiuliza alitoa nini. Ilikuwa picha ya kuwaonya wakubwa. Mtoto aliyekulia chini yake alijifunza kwamba ziwani hakuna kitu cha bure. Leo watoto wanaona joka la katuni kwenye simu ya kaka. Lina rangi nzuri, na halidai kitu.

MZAZI: Hapo Mchoraji na Pasta mmekutana na hamjui.

MWALIMU: Basi tuwape joka la hapa, lenye kudai kitu. Mnasema moto si wetu? Mlima Nyiragongo ulitema moto Januari 2002 na tena Mei 2021. Watu wengi wa Kivu wana ndugu waliokimbia. Na huu mto Ruzizi, unaojaza ziwa letu upande wa kaskazini, wanajiolojia wanasema haukuwapo tangu mwanzo. Maji ya Kivu yalikuwa yakienda kaskazini. Volkano za Virunga zikaziba njia, ziwa likajaa mpaka likafurika kusini, likateremka mabonde haya hadi hapa. Moto uliziba, maji yakageuka. Mwambie mtoto hivyo, umpe karatasi ndefu, uone atachora nini. Halafu mwambie usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka kitandani mwake ukabeba nyumba na makumi ya watu. Mto wenye mwili, wenye kichwa mlimani na mdomo ziwani.

MVUVI: Mulongwe hauna roho, Mwalimu. Ulijaa kwa mvua, na kwa sababu milima ya juu imebaki tupu, na kwa sababu tumejenga ndani ya njia yake. Ziwa nalo lilipanda, mwaka 1964 lilipanda vilevile, wazee walituambia tusijenge pale, tukajenga. Ukimwambia mtoto ni joka, atakua akidhani mafuriko hayana mwenye kosa.

Huo ndio wakati mgumu kuliko yote kwa Mwalimu, na unahusu elimu kuliko wanyama. Hadithi inayompa mtoto umbo la kushika inaweza, kwa umbo hilohilo, kumnyang'anya sababu.

MWALIMU: Basi nifundishe wewe. Ungekuja darasani na kreyo moja, ungewachorea nini?

MVUVI: Mstari. Mstari mmoja ulionyooka kutoka upande huu wa karatasi hadi ule. Huo ni uso wa maji asubuhi, kabla ya upepo. Juu ya mstari naweka vinundu viwili, karibukaribu, vidogo. Hatua moja mbele naweka kingine. Macho na pua. Nimemaliza. Huyo ndiye mamba. Midomo mnayochora, yenye meno nje, mtoto hataiona; akiiona amechelewa. Vinundu vitatu ndivyo vya kujifunza. Kila mtoto achore mara kumi, kisha tuteremke nao pwani, wakae juu ya mawe na mtu mzima, watazame maji mpaka wajue gogo likoje na mamba akoje.

MZAZI: Hicho ningelipia.

MWALIMU: Hatujawahi kukichora. Nitakichora kesho. Lakini Mzee, nawajua. Dakika moja tu, na mtoto wa kwanza atauliza, chini ya mstari kuna nini?

MVUVI: Chini ya mstari kuna mwili. Miguu minne, tumbo, mkia mrefu.

MCHUNGAJI: Pembe, hapana.

MVUVI: Wala mabawa.

MZAZI: Na yule atakayeweka mabawa? Maana wangu ataweka. Namjua.

MWALIMU: Nitamuuliza yanamsaidia nini huko chini ya maji. Atakachojibu nitakiandika hapohapo pembeni, na wewe Mama jioni utakisoma.